Je, Wajua Kwa Nini Rafu Tupu ya Risasi Haithibitishi Ulanguzi?

Mwanzoni mwa mwaka 2021, risasi moja ya milimita tisa, ile inayotumika katika bastola nyingi za kawaida, ilikuwa ikiuzwa Marekani kwa senti 70 za dola na wakati mwingine zaidi, ilhali kabla ya janga la korona ilipatikana kwa takriban senti 20. Wamarekani wakagawanyika katika swali ambalo sisi wa Tanga huliuliza kila sukari inapoadimika: je, bei imepandishwa na walanguzi, au imepanda kwa sababu wanunuzi wamezidi mali iliyopo? Nilipolisikia barazani nilijibu bila kusita kwamba ni ulanguzi mtupu, wala sikuona haja ya kufikiri zaidi.

Kosa langu lina asili yake. Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi hapa Ngamiani mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoongoza msako wa wahujumu uchumi. Bei za bidhaa nyingi zilikuwa zikipangwa na serikali tangu miaka ya 1970, maduka yalikuwa matupu, na habari za magunia na mabati yaliyofichuliwa zilijaa midomoni mwa watu. Walioficha bidhaa walikuwapo kweli, na sina nia ya kuwatetea. Lakini wengi wa rika langu tulitoka katika kipindi kile na kanuni moja iliyotukaa kichwani, kwamba rafu ikiwa tupu basi yupo aliyeficha, na kanuni hiyo tumeibeba hadi katika mambo ambayo haiyahusu.

Tuitazame kwa makini. Mfanyabiashara anayetoza bei kubwa kupita kiasi huwafukuza baadhi ya wanunuzi, na mali yake hubaki rafuni. Kwa hiyo rafu iliyo tupu saa moja baada ya duka kufunguliwa ni dalili kwamba bei ya duka hilo ilikuwa ndogo kuliko ile ambayo watu walikuwa tayari kuilipa. Marekani mambo yote mawili yalionekana kwa wakati mmoja, ndiyo maana yaliwachanganya watu: maduka mengi makubwa yalikaa karibu na bei za zamani, yakamwekea kila mteja kikomo cha maboksi, na mzigo ukaisha mara tu ulipofika, ilhali wauzaji wengine, hasa wa mtandaoni, walitoza bei mara tatu na risasi walikuwa nazo. Aliyekuta rafu tupu mahali pamoja na bei ya kutisha mahali pengine aliunganisha mambo hayo mawili akasema kwamba mali imefichwa ili iuzwe ghali. Nami nilisema vivyo hivyo, hadi mzee mmoja anayenadi dagaa katika soko la samaki la Deep Sea aliponiuliza, kwa upole, “Mwanangu, sisi mbalamwezi ikiingia bei ikapanda, tunakuwa tumewaficha dagaa baharini?”

Swali lake linabeba karibu maelezo yote, kwa hiyo nitakaa nalo. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Wakati wa giza, mwanga wa taa huwavuta karibu na chombo, nyavu zikajaa, na alfajiri ndoo ya dagaa ikanadiwa kwa bei ambayo kila mchuuzi anaimudu. Mwezi unapokuwa mpevu, bahari nzima ina mwanga, taa ya mvuvi haina tena mvuto, na vyombo vingi havitoki. Asubuhi zinafika ndoo chache, lakini wachuuzi ni wale wale, na kila mmoja ana wateja wanaomsubiri. Mnadi hajaongeza tamaa tangu wiki iliyopita. Anataja bei, mikono mingi inanyooshwa. Anaitaja ya juu zaidi, mikono bado ni mingi. Anaendelea mpaka ibaki mikono inayolingana na ndoo zilizopo. Bei hiyo ya juu haiwezi kuleta dagaa hata mmoja zaidi usiku ule, kwa kuwa fedha haiuzimi mwezi. Wala mvuvi hatachonga chombo kipya kwa ajili ya usiku wa mbalamwezi, kwani anajua giza litarudi kabla chombo hakijakamilika.

Sasa tuiweke risasi mahali pa dagaa. Risasi kamili ina sehemu nne: ganda, baruti, kichwa cha madini, na fataki, yaani kile kikombe kidogo nyuma ya ganda ambacho hugongwa na kuwasha baruti. Waliowahi kuona gobori likijazwa wanaifahamu fataki. Ndiyo sehemu ndogo kuliko zote, na ndiyo iliyofunga njia. Kemikali inayotumika katika fataki nyingi, ambayo ndani yake mna madini ya risasi (kwa Kiingereza lead), inapokuwa kavu huweza kulipuka kwa msuguano au kwa cheche ndogo ya umeme tuli, hivyo hushughulikiwa ikiwa mbichi kama uji mzito na kujazwa katika vikombe kwa uangalifu mkubwa, katika majengo yaliyotengwa. Kiwanda cha namna hiyo hakifunguliwi kwa miezi miwili, na makampuni ya Marekani yanayotengeneza fataki kwa wingi yanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mojawapo, Remington, liliomba kinga ya ufilisi Julai 2020, na kiwanda chake cha risasi cha Lonoke, Arkansas, kikauzwa kwa kampuni ya Vista Outdoor, yaani katika majira yale yale ambayo wanunuzi walikuwa wakifurika. Hiyo ilikuwa mara ya pili kwa Remington kufikia hapo, ya kwanza ikiwa mwaka 2018 baada ya mauzo kupoa. Mwenye kiwanda anayeikumbuka historia hiyo huongeza zamu za usiku kwanza, wala hakimbilii kujenga jengo jipya.

Na wanunuzi walifurika kweli. Idara ya upelelezi ya FBI, ambayo huwachunguza wanaotaka kununua silaha, ilishughulikia maombi yapatayo milioni 39.7 mwaka 2020, kutoka milioni 28.4 mwaka uliotangulia. Si kila ombi ni bunduki iliyouzwa, kwa hiyo tarakimu hizi zionyeshe mwelekeo tu. Chama cha wafanyabiashara wa silaha, NSSF, kilikadiria kwamba watu milioni 8.4 walinunua silaha kwa mara ya kwanza mwaka huo. Ni makadirio ya wenye biashara, tuyapokee kwa tahadhari. Hata hivyo, kama kila mgeni huyo alichukua maboksi mawili ya risasi 50, hizo pekee ni risasi milioni 840, kabla hatujamhesabu mnunuzi wa zamani ambaye, kwa hofu, alichukua maboksi kumi badala ya moja, kama mama wa nyumbani anayenunua kilo nne za sukari baada ya kusikia uvumi.

Mkoa wetu una kumbukumbu yake ya jambo hili, katika sura kali zaidi. Katika Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Wajerumani hapa lilizingirwa baharini. Liliponusurika na kushinda mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, mojawapo ya faida zake kubwa ilikuwa mamia ya maelfu ya risasi zilizoachwa na jeshi la Waingereza lililotoka India. Aprili 1915, meli ya Rubens, iliyojifanya ya Denmark, iliwaletea shehena hadi ghuba ya Manza kaskazini mwa mji, ikashambuliwa na kuzama katika maji mafupi. Risasi zilizoopolewa zilikuwa zimelowa maji ya chumvi, zikalazimika kufunguliwa moja moja na baruti yake kuanikwa. Kwa walioufanya udhia ule, risasi haikuwa na bei tena. Kulikuwa na zilizopo, na zaidi ya hizo hakuna.

Je, basi hapakuwa na ulanguzi kabisa Marekani? Hapa ushahidi unakuwa mwembamba, nami sitaki kuruka kutoka kosa moja hadi jingine. Vista Outdoor, iliyokuwa na hasara mwaka wake wa fedha uliotangulia, ilipata faida ya zaidi ya dola milioni 200 katika mwaka ulioishia Machi 2021. Lakini faida kubwa ingeonekana kama watengenezaji wamekula njama, na ingeonekana vile vile kama uhitaji umefurika, kwa hiyo haiamui kesi. Linaloelemea upande wa uhitaji ni kwamba viwanda havikupunguza uzalishaji, na kwamba kufikia mwaka 2023 risasi ile ile ilikuwa imeshuka chini ya senti 30. Anayeshikilia kwamba chanzo kilikuwa tamaa ana deni la kueleza tamaa ilikwenda wapi. Upande wa pili, baada ya kununua Lonoke, Vista ilikuwa na majina matatu makubwa ya fataki, Federal, CCI na Remington, chini ya paa moja, na hilo ni jambo la kuangaliwa bila kujali mwaka 2021 ulielekea wapi.

Kilichonifurahisha zaidi ni neno letu lenyewe. Kulangua ni kununua mali kwa wingi ili kuiuza ghali, na watu wa namna hiyo walikuwapo: walipanga foleni alfajiri kwenye maduka yenye bei ya zamani, wakayamaliza maboksi, jioni wakayauza kwa bei mara mbili. Wao walikuwa walanguzi kwa maana kamili ya Kiswahili. Ila kazi yao iliwezekana kwa sababu duka la kwanza halikupandisha bei, na huko Deep Sea, ambako ndoo hunadiwa mbele ya wachuuzi wote, hakuna anayeweza kuifanya.