Kiangazi Mwanza: jua linasingiziwa, anayepinda reli ni mbao

Kila ikifika Juni vumbi likianza kupanda, meseji ninazopata ni zilezile, aisee treni yangu ndogo ya mezani inaruka reli kwenye kona, mbona mwezi wa nne ilikuwa inapita fresh tu, jua limepinda reli au? Jua linasingiziwa sana. Mwanza joto letu la mchana halibadiliki kihivyo masika na kiangazi, linacheza humohumo 27 hadi 30. Kinachobadilika ni unyevu, na unyevu ni habari ya mbao.

Piga hesabu mwenyewe. Reli nyingi za treni ndogo ni mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, kipande cha mita 3 ukikipandisha joto nyuzi 15 kinarefuka kama milimita 0.8, yaani unene wa kadi ya benki. Acha upenyo wa hivyo kwenye maungio, kesi imeisha. Sasa ubao wa paini uliouchukua juzi ukiwa bado unanuka msitu, ule ukikauka unasinyaa kwa upana asilimia 2 mpaka 4, ubao wa sentimita 20 unapoteza milimita 4 hadi 8, na kama meza yako umepanga mbao kama hizo ubavu kwa ubavu halafu reli inazikatiza, meza inajivuta ndani reli inabaki na urefu wake, haina pa kwenda, inatoka ubavuni. Hiyo ndo kona yako inayoangusha mabehewa.

Kwa hiyo mimi kiangazi ndo nanunua mbao, nazipanga kivulini na vijiti katikati zipigwe upepo, meza nafunga zikishatulia, halafu napaka rangi juu NA chini, watu upande wa chini huwa wanauacha sijui kwa nini wakati unyevu unapita hukohuko. Ukiweza tumia plaiwudi, haisinyai kihivyo. Lakini meza usiiweke karibu na bati, vyumba vyetu vingi havina silingibodi na saa nane mchana kule juu ni oveni, bodi ya plastiki ya kichwa cha treni inajikunja kabla hata reli haijajua kuna joto.

Wenzetu Ulaya na Marekani mambo yao ni kinyume. Kule msimu wa kujenga ni baridi, mtu anajifungia chini ya nyumba miezi kadhaa, summer ikifika anatoka, wengine wanaenda kupanda treni za mvuke, wengine wanawasha treni za bustanini. Hizo za bustanini ndo zinanitoa udenda, maana kampuni ya Kijerumani iliyoanzisha LGB, treni za bustanini zenye jina kubwa, mwaka 1968 ilichagua reli yenye upana wa milimita 45 kwa skeli ya 1:22.5, yaani treni halisi imepunguzwa mara 22.5, zidisha hapo, unapata kama mita moja. Reli ya mita! Ni MGR yetu hii hii inayotoka Tabora, iliyofika Mwanza mwaka 1928. Bei yake ndo shida, kwa hiyo sisi wengi huku tunabaki na 1:87 kwenye reli ya milimita 12, nayo inakaribia mita vizuri tu. Anayetaka SGR, reli yetu mpya pana, yeye achukue ya milimita 16.5, hiyo ndo ya milimita 1435 kwa skeli hiyohiyo.

Vumbi sasa. Mchana upepo unatoka ziwani unaingia mjini na kila kitu cha barabarani, kwa hiyo saa sita nafunika meza yote na shuka, sio nailoni maana nailoni inavuta vumbi. Uchafu mweusi juu ya reli hauletwi na vumbi peke yake, unatokana na vicheche vidogo vya umeme kati ya gurudumu na reli, na spiriti inausafisha vizuri ila unarudi haraka. Mimi natumia mafuta ya taa, tone tu kwenye kitambaa cha pamba, unapangusa halafu unakausha na kitambaa kingine, reli inakaa safi muda mrefu zaidi. Fungua dirisha, na usivute sigara hapo bana. Msasa marufuku, unaacha mikwaruzo na uchafu unapata pa kukaa.

Kokoto za kwenye mataruma mji huu hatununui, tumezaliwa juu ya mawe. Chukua vumbi la granite pale wanapoponda kokoto, chekecha na chujio la chai la nyavu ndogo, unatafuta chembe za nusu milimita hivi, osha, anika. Kisha pitisha sumaku, usiruke hii hatua, zile chembe nyeusi zinazonasa zikiingia kwenye mota ya treni zinakaa humo zinasaga mpaka mota inakufa. Mchanga wa ufukweni nao unao weusi huo.

Usiku wakija wale wadudu wa ziwani, hasa mwezi ukiwa mwandamo, zima taa zote za stesheni yako, washa moja nje juu ya beseni la maji. Vinginevyo asubuhi unafagia stesheni yako nzima ya mezani, tuseme ni Mwanza Kusini, kwa brashi ya rangi, na meli ndogo ya kuvusha mabehewa humo humo.

Na umeme ukikatika wala usihangaike na jenereta. Treni za analogi, zile za kawaida zinazoenda kasi kwa kuongezewa umeme tu, zinataka volti 12, betri ya bodaboda inatosha kabisa, unaweka kidhibiti spidi cha PWM, kinachokata na kuwasha umeme haraka haraka, katikati, kichwa kimoja kinakula chini ya nusu ampea kwa hiyo jioni nzima unacheza, ila usiikaushe zaidi ya nusu. Weka fyuzi ya ampea 1 karibu kabisa na betri. Behewa likianguka likalala kwenye reli zote mbili, bila fyuzi betri haina huruma, itamwaga moto mpaka mataruma ya plastiki yayeyuke, na dogo aliyekuja likizo akiwa ameshika rimoti atakuwa anacheka tu.