Kontena likirudi tupu, nani analipa?

Umbali wa bahari kutoka China kuja Dar es Salaam ni uleule wa kurudi, lakini nauli si ileile. Kontena linaloingia na vigae, betri na vipuri hulipiwa nauli inayozidi kwa mbali ile ya kontena hilohilo likirudi na ufuta au mbaazi. Wafanyabiashara wengi ninaokutana nao wanaamini huo ni uonevu wa kampuni za meli. Uonevu upo na nitaufikia, lakini si hapa.

Kazi yangu ni kugawa makontena. Kila asubuhi mezani kuna orodha ya yaliyorudishwa yadini, orodha ya wanaoomba ya kupakia, na jina la meli inayotarajiwa gatini. Yale yasiyopata mtu hupandishwa melini matupu. Kontena tupu linainuliwa na kreni ileile, linakaa kwenye nafasi ileile melini, linashushwa upande wa pili kama lililojaa, ila halina mteja wa kumtoza. Gharama hiyo haipotei hewani. Kampuni ya meli inaihesabu mapema ndani ya nauli ya kuja, kwa hiyo mwagizaji wa vigae analipia safari mbili: ya vigae vyake, na ya kontena kurudi Shanghai na hewa. Anayepeleka mazao nje, kwa upande wake, anapewa bei ya chini kwa sababu kila kontena analojaza linaiokolea kampuni hasara ambayo ingeipata kwa vyovyote.

Watu wa pwani waliijua hesabu hii zamani. Majahazi ya Ghuba yaliposhuka na kaskazi yalileta tende, samaki wakavu, chumvi na mazulia. Nahodha hakurudi mtupu. Alisubiri kusi huku akitafuta mzigo, na mzigo mkubwa ulikuwa boriti za mikoko kutoka Lamu na delta ya Rufiji, kwa sababu kwao miti ya kuezekea ilikuwa adimu. Bila boriti, tende zingelazimika kubeba gharama ya miezi yote ya kwenda na kurudi.

Basi si tuyajaze yote? Tungependa. Lakini makontena si kitu kimoja. La futi 40 lina nafasi mara mbili ya la futi 20, ila halibebi uzito mara mbili. Yote mawili huishia kwenye tani 26 hadi 28 hivi za mzigo. Nguo, magodoro, samani na vyombo vya plastiki vinakula nafasi kuliko uzito, kwa hiyo vinakuja kwa futi 40. Sisi tunapeleka vitu vizito: shaba ya Zambia na Kongo, kahawa, ufuta, korosho. Shaba inayofikisha uzito wote unaoruhusiwa hutandazwa kwenye sakafu ya futi 20 bila kufika hata kiunoni, na juu yake pote ni patupu. Ndiyo maana naweza kuwa na milima ya futi 40 yadini, na siku hiyohiyo nikamwambia msafirishaji asubiri wiki nzima kwa sababu futi 20 hakuna.

Na hata la futi 20 likiwepo, huenda halifai. Kontena la kahawa halitolewi hivihivi. Mkaguzi anaingia ndani, milango inafungwa nyuma yake, anasimama gizani akiangalia darini na ukutani. Penye tundu, hata dogo vipi, mwanga unapenya, na hapo ndipo maji ya chumvi yatakapoingilia kwenye magunia. Akimaliza macho anatumia pua. Harufu ya dawa za kilimo au ya ngozi mbichi hukaa kwenye mbao za sakafu hata baada ya kuoshwa, na kahawa huivuta harufu upesi. Mwisho anapitisha tochi sakafuni kutafuta madoa ya mafuta na misumari iliyoachwa na aliyelitumia kabla. Likikataliwa linakwenda kuoshwa au gereji, na msafirishaji anaanza upya foleni. Nimewahi kuona meli ikiondoka na makontena matupu huku kahawa ikibaki ghalani, na hakuna aliyekuwa mzembe.

Mtwara mambo ni kinyume. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, mji ule unahitaji makontena mengi ambayo haukuyapokea, kwa sababu uagizaji wake kwa makontena ni mdogo. Yanapelekwa matupu kwenda kuzifuata korosho, na safari hiyo tupu lazima ilipwe na mtu. Mkulima haioni kwenye karatasi yoyote, lakini mnunuzi anapopanga bei anaikumbuka. Makontena ya baridi nayo yana kichekesho chake: parachichi zinayahitaji kwenda Ulaya, lakini tunachoagiza cha kugandishwa ni kidogo, hivyo mengi huja yamezimwa mitambo, yamebeba bidhaa kavu zisizo na harufu.

Mwaka 2021 Marekani nzima ililiona jambo hili. Nauli ya kontena la futi 40 kutoka Shanghai kwenda Los Angeles ilipita dola 10,000. Kwa bei hiyo kampuni za meli ziliona kumsubiri mkulima wa Marekani ajaze soya au nyasi za mifugo ni kupoteza siku. Zikakimbiza makontena matupu kurudi Asia, na mazao yakabaki. Juni 2022 ikasainiwa sheria mpya ya usafirishaji wa baharini inayokataza kampuni kukataa mzigo wa kwenda nje bila sababu ya msingi.

Sheria hiyo ina kifungu kingine ambacho ningetamani tukiige kesho, na hapa ndipo uonevu ulipo. Kila kontena linalotoka bandarini lina siku za bure za kukaa nalo, na zikiisha demareji inaanza, yaani tozo ya kila siku ya kulichelewesha kontena. Msingi wake ni wa haki: kontena lililolala wiki sita Kigali au Lubumbashi halizalishi. Lakini saa inaendelea kuhesabu hata pale mwenye mzigo hana kosa, mfumo wa forodha ukisimama, foleni ya mpakani ikikwama, au yadi ileile anayotakiwa kulirudisha kontena ikimfungia geti kwa kuwa imejaa. Juu ya hapo kuna amana, fedha ambazo mwenye mzigo anaiwekea kampuni ya meli kama dhamana hadi kontena lirudi. Kwa mfanyabiashara mdogo wa Kariakoo hiyo ni sehemu ya mtaji wake, na inaweza kukaa wiki nyingi kabla ya kurudi. Ndiyo maana wengi wa nchi za bara huamua kontena lifunguliwe hapahapa Dar na mzigo uhamishiwe kwenye malori ya kawaida. Kampuni ya meli inapata kontena lake mapema. Mwenye mzigo anapata kupakia mara mbili, vioo vilivyovunjika na maboksi yaliyopungua.

Wamarekani wameweka kwamba ankara ya demareji ionyeshe siku za bure zilianza lini, ziliisha lini na kiwango gani kilitumika. Ankara isiyo na maelezo hayo haimlazimu mtu kulipa. Hakuna kampuni iliyofilisika kwa kuandika tarehe kwenye karatasi.

Hadi tutakapopata kanuni kama hiyo, zungumzia siku za bure kabla ya mzigo kuondoka China, wakati kampuni bado inautaka mzigo wako, na upate jibu kwa maandishi. Kama mzigo unakwenda bara, omba siku zaidi; mara nyingi zinatolewa kwa anayeuliza. Siku ya kurudisha kontena, dereva apige picha ya namba yake getini, na akikataliwa kuingia adai karatasi yenye saa na muhuri. Mimi nikiletewa karatasi hiyo nina kitu cha kumpelekea bosi wangu. Nikiletewa malalamiko matupu sina.