Igeuze picha kwanza: kuhifadhi picha za wasanii katika unyevu wa visiwani

Mtu akiniletea picha ya kuhifadhi, huiweka mezani uso juu. Mimi huigeuza kwanza.

Picha inayokaa na msanii umri mzima ni nadra kukaa naye kwa uzuri wake. Mchoraji amepiga miraba ya penseli juu ya picha ya bibi yake, kila mraba sentimita moja, ili aikuze kwenye turubai. Mwimbaji ameandika ubeti nyuma ya picha ya aliyemfundisha. Fundi wa milango ya nakshi ana picha yenye matundu ya misumari pembe zote nne na vumbi la mvule lililogandia kwenye karatasi, kwani ilikuwa ukutani karakanani kama kielelezo. Alama hizo ndizo zinazoeleza kwa nini picha hii haikutupwa. Ukizifuta ili picha ing'ae, unamrudishia mwenyewe picha isiyokuwa yake.

Chukua mfano wa picha inayopatikana sana hapa Unguja: kundi la taarab limekaa safu mbili, fidla na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, zikionekana mbele, ukubwa sentimita 9 kwa 13, nyeusi na nyeupe. Ishike kwa kingo, chini ya taa ya pembeni. Kama nyuma yake ni karatasi tupu inayonyonya, na picha yenyewe inajikunja kuelekea usoni, hiyo ni karatasi ya zamani isiyo na plastiki. Karatasi zilizopakwa plastiki zilienea miaka ya 1970, kwa hiyo umeshapata dokezo la umri. Kingo zilizokatwa kwa mawimbi hukurudisha nyuma zaidi, aghalabu miaka ya 1940 na 1950. Muhuri wa studio nao ni shahidi: ukiona Capital Art Studio, ujue duka hilo la Mji Mkongwe lilianza 1930, basi picha haiwezi kuwa ya kabla yake. Namba ndogo ya penseli pembeni huenda ni namba ya negativu (filamu ambayo nakala huchapwa kutoka kwayo), aliyoiandika mpiga picha ili mteja akirudi kutaka nakala asihangaike kutafuta. Usiifute hata kama huijui maana yake.

Kisha tazama kanga. Picha ikiwa kali, maandishi ya kanga husomeka kwa lenzi ya mkononi, na jina la kanga linaweza kueleza shughuli iliyokuwapo siku ile kuliko mtu yeyote aliye hai. Kwa washairi na waimbaji hili si jambo dogo; picha inaweza kuwa na mshororo ndani yake ambao mwenyewe keshausahau.

Kinachoua picha visiwani ni unyevu kuliko umri. Picha ya kawaida ina tabaka la gelatini, protini ileile ya kutengenezea jeli ya kula, na ndani yake ndimo mlimo chembe za madini ya fedha au rangi. Hewa yetu mara nyingi hupita asilimia 75 ya unyevu. Ikishakaa juu ya asilimia 65 kwa siku kadhaa, koga huanza kuila gelatini; ikipanda zaidi, gelatini huvimba, hunata, na chochote kilichoigusa huwa mwili mmoja nayo. Ndipo unapokuta picha ya harusi imegandana na kioo cha fremu.

Nyumba za Mji Mkongwe zina lao. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya maji kutoka chini na kuyapandisha pamoja na chumvi. Picha iliyobanwa kwenye ukuta wa nje huoza kwa nyuma huku mbele ikionekana nzima. Itundike kwenye ukuta wa ndani, na ubandike vipande vya kizibo kwenye pembe za fremu ili kubaki nafasi ya sentimita 1 au 2 hewa ipite.

Kasha la nguo pia si mahali pake, ijapokuwa wengi ndiko wanakoziweka. Mbao hutoa asidi. Karafuu zilizotiwa kuzuia wadudu zina mafuta yanayotia doa. Na udi, nasema wa kufukiza, si wa kupiga, huacha utomvu na masizi membamba juu ya kila kilicho karibu. Nguo ikifukizwa ikarudishwa kashani juu ya albamu, baada ya miaka picha huwa na utando wa kahawia usiotoka. Dawa ya nondo, vile vidonge vyeupe vya kabatini, nayo iwe mbali.

Boksi ninalolipendekeza ni la plastiki la polipropilini, lenye kifuniko cha mpira kinachobana, la lita 10 hivi. Geuza chini usome alama: PP au namba 5 ni sawa. PVC, namba 3, ikatae, iwe boksi au mifuko ya albamu. Ile plastiki inayonuka kama pazia jipya la bafuni hutoa asidi na mafuta, na picha hunata ndani yake. Tia gramu 50 za silika jeli, punje zinazonyonya unyevu, kwenye kifuko cha kitambaa, pamoja na kipima unyevu kidogo cha betri. Unataka kisome kati ya asilimia 30 na 50. Kikishuka chini ya 30 toa nusu ya silika, kwani picha kavu mno hujikunja na gelatini hupasuka. Chagua punje za rangi ya chungwa zinazogeuka kijani zikishiba. Zile za buluu zina kobalti, na watoto hudhani peremende. Zikishiba, zikaushe kwenye oveni, nyuzi 110 hadi 120 za Selsiasi kwa saa mbili. Mchele haufai. Unanyonya kidogo sana na unaalika wadudu.

Kosa linaloharibu yote hayo ni kufunga boksi wakati wa masika. Unafungia unyevu ndani. Subiri kipupwe, au ziache picha usiku kucha kwenye chumba chenye kiyoyozi kisha uzifunge humohumo. Tena usikiache chumba hicho kiwe makao yao ya kudumu bila boksi: umeme ukikatika joto linarudi ghafla, na picha iliyokuwa baridi hutoa jasho kama chupa ya soda.

Koga ukiikuta, usikimbilie kitambaa chenye maji. Gelatini iliyoliwa na koga huyeyuka ikiguswa na maji, na sura ya mtu huondoka na kitambaa. Itenge picha, iache kwenye hewa kavu siku mbili au tatu mpaka koga iwe unga, kisha toka nayo nje, vaa barakoa, na uipanguse kwa brashi laini ya rangi za maji, kutoka katikati kwenda ukingoni, upepo ukiwa nyuma yako. Doa litabaki. Liache.

Picha iliyogandana na kioo, usiivute. Hakuna pembe ya bahati itakayoachia nyingine zikafuata. Itoe kwenye fremu pamoja na kioo chake, safisha kioo kwa nje, na uiskani ikiwa hivyohivyo. Wako wanaoziloweka, na kwa picha za zamani za studio zisizo na koga huwezekana, lakini sharti uwe umeshaiskani. Hapa kwetu kuna mtego: maji ya bomba saa saba mchana yametoka kwenye tangi la juu ya paa, na maji yaliyopita nyuzi 30 hulainisha gelatini mpaka ichuruzike. Tumia maji ya kunywa ya chupa yaliyokaa ndani kivulini. Chupa ya dukani iliyoandikwa maji ya betri usiiguse kabla ya kusoma lebo, kwani nyingine ni asidi. Kama nyuma kuna maandishi ya wino, usiloweke kabisa. Na picha iliyotoka kwenye printa ya wino haistahimili maji hata tone.

Albamu zenye kurasa za gundi na plastiki ya kufunika zimewatesa wengi. Pitisha uzi wa kusafishia meno usio na nta chini ya pembe ya picha na uuvute huku na huku kama msumeno, polepole, uzi ukilalia upande wa ukurasa. Picha ikikataa kuachia, kata ukurasa kuizunguka na uihifadhi na kipande chake. Kabla ya kung'oa hata moja, piga picha kila ukurasa mzima. Msanii aliyeibandika picha ya mwalimu wake karibu na ya mashua alikuwa na lake, na mpangilio huo ukishavunjwa hakuna wa kuurudisha.

Kwenye skana, tumia dpi 600 (yaani nukta 600 kwa kila inchi) kwa picha za kawaida. Ile ya sentimita 9 kwa 13 itakupa nukta zinazokaribia 2,100 kwa 3,000, na faili la TIFF, aina isiyopunguza ubora wa picha, la megabaiti 20 hivi. Picha ya pasipoti, au kanga unayotaka kusoma maandishi yake, ipandishe mpaka 1200. Negativu za milimita 35 zinataka 2400 hadi 3200. Zikinuka siki zitenge na nyingine, maana filamu hiyo imeanza kuoza na harufu yake huambukiza. Zima kila kitu kinachofanya kazi chenyewe: kunyoosha, kung'arisha, kukata kingo. Kisha geuza, uiskani nyuma kwa dpi 300, kwa rangi, hata ukiona ni tupu. Wino uliopauka huonekana kwenye faili la rangi ukiongeza ukolezo, ilhali jicho halikuuona.

Huna skana? Simu inatosha ukiwa na subira. Iweke picha mezani kati ya madirisha mawili, mwanga uje kutoka pande mbili kwa pembe ya nyuzi 45, flashi izimwe. Isimamishe simu juu ya vitabu au kijiti chake, sambamba kabisa na meza, na uisogeze mbali kidogo ukitumia lenzi ya mara 2 ili kingo zisipinde. Anayesimama juu ya meza avae nguo nyeusi. Kanzu nyeupe hurudi kwenye picha kama ukungu. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama hati, si kama picha, la sivyo itabanwa mpaka nyuso za safu ya nyuma ziwe madoa.

Programu za kurudisha rangi na kunyoosha sura nina ugomvi nazo. Hazirudishi kilichopotea, hubuni. Mpiga fidla wa safu ya nyuma anapewa macho ya mtu asiyekuwapo Unguja, na kanga iliyokuwa nyekundu inakuwa ya buluu. Mchoraji akitumia rangi hiyo kwenye turubai, kosa linahamia kwenye kazi yake. Ukitaka kucheza, cheza na nakala, na jina la faili liseme imebuniwa.

Yaliyobaki ni ya kuandika. Tumia penseli laini ya 2B, nyuma, ukingoni, picha ikiwa imelala kwenye kitu kigumu. Biki huchimba na kutokea mbele. Karatasi yenye plastiki haikubali penseli, basi andika kwenye bahasha kabla ya kuitia picha ndani. Majina kutoka kushoto kwenda kulia, safu ya mbele kwanza, na jina la utani lisiachwe, kwani ndilo linalojulikana Wete au Ng'ambo. Kisha muulize mwenyewe swali moja zaidi: hii ilikaa wapi nyumbani kwako? Kwenye mkoba wa fidla, ndani ya msahafu, chini ya kioo cha meza ya kushonea. Jibu liandike kama alivyolitamka, na tarehe ya siku uliyomuuliza.