Je, wajua? Wi-Fi ilianzia kwa watu waliokuwa wakitafuta mashimo meusi angani

Juzi, mbele ya kabini moja (kibanda cha kuuzia muda wa simu) pale soko la mtaa wa Kenya, Lubumbashi, mpwa wangu anayesomea informatiki UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, aliniuliza swali nikakosa jibu la haraka. Alikuwa ameshika simu, anangoja mega zake za intaneti ziingie. "Mjomba, vitu vingi vya intaneti vilitafitiwa kwa pesa za serikali. Sasa vinatokaje huko maabara hadi vinafika hapa chini ya parasoli?"

Tuanze na Wi-Fi. Mwaka 1974 Stephen Hawking alisema huenda angani kuna mashimo meusi madogo ambayo mwishowe hulipuka. Mhandisi wa Australia, John O'Sullivan, na wenzake wakajaribu kuinasa milipuko hiyo kwa darubini ya redio. Hawakupata kitu. Walichobaki nacho ni hesabu za kusafisha ishara dhaifu iliyovurugika njiani.

Miaka ya mwanzo ya 1990, O'Sullivan alikuwa CSIRO, taasisi ya utafiti ya serikali ya Australia, na safari hii swali lilikuwa la duniani kabisa: kompyuta zitazungumzaje ndani ya jengo bila waya, tena kwa kasi? Adui alikuwa mwangwi. Aliyewahi kusali katika kanisa la mabati lenye baffle kubwa, yaani spika, anamjua. Mhubiri akiharakisha, neno la kwanza linagonga ukuta, linarudi na kulikanyaga la tatu, na wewe uliyekaa nyuma unaitikia amina bila kujua umeitikia nini. Mawimbi ya redio nayo hugonga kuta, meza na kabati vivyo hivyo.

Dawa yao ilikuwa kumnyamazisha mhubiri na kuita kwaya. Ujumbe unagawanywa kwa sauti nyingi, kila moja na noti yake, kila moja ikiburuta silabi yake polepole. Mwangwi unarudi kama kawaida, ila unaikuta silabi ileile bado inaimbwa, hivyo haukanyagi kitu. Upande wa pili, hesabu za ukoo uleule wa enzi za mashimo meusi zinazitenganisha sauti na kuupanga ujumbe upya.

CSIRO ikapata hataza ya Marekani, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, mwaka 1996. Lakini hataza ni karatasi, haiingii kwenye kompyuta. Aliyeivusha mto ni kampuni ndogo ya Radiata, iliyoanzishwa mwaka 1997 na David Skellern na Neil Weste kutoka Chuo Kikuu cha Macquarie. Walichukua leseni, wakatengeneza chipu, na mwishoni mwa mwaka 2000 Cisco, kampuni kubwa ya Marekani ya vifaa vya mitandao, ikatangaza kuinunua Radiata. Wengine walitumia mbinu hiyo bila kulipa, CSIRO ikawapeleka mahakamani Marekani, na kufikia 2012 ilikuwa imekusanya zaidi ya dola milioni 430 za Australia. (Waaustralia hupenda kusema Wi-Fi ni yao. Wanatia chumvi. Marekani ilikwisha fungua masafa ya redio yasiyohitaji leseni mwaka 1985, na wahandisi wa nchi nyingine nao waliweka mkono.)

Basi siri ni kusajili hataza na kudai malipo? Mpwa wangu alidhani hivyo, mpaka nikamsimulia Gopher. Huo ulikuwa mfumo wa kutafuta habari kwenye intaneti, uliotoka mwaka 1991 katika Chuo Kikuu cha Minnesota, chuo cha umma, na ulipendwa. Mapema 1993 chuo kikatangaza kwamba baadhi ya watumiaji wa seva zake watalipia leseni. Tarehe 30 Aprili mwaka huohuo, CERN, kituo cha fizikia karibu na Geneva kinachoishi kwa michango ya serikali, kikaachilia programu za wavuti za Tim Berners-Lee ziwe mali ya wote. Watu wakahama. Mwaka uliofuata Marc Andreessen, aliyeshiriki kuunda kivinjari cha Mosaic katika Chuo Kikuu cha Illinois kwa fedha za umma, alianzisha pamoja na Jim Clark kampuni iliyokuja kuitwa Netscape.

Mimi naona hivi: kutengeneza chipu ni ghali, na mwenye mtaji hatoi pesa bila kinga, kwa hiyo leseni ilisaidia. Wavuti ulihitaji wingi wa watu, na ada ingewafukuza. Ila kote kuwili kuna binadamu aliyehama na maarifa kichwani akaenda kuhangaika na wateja. Huyo ndiye hasa anayekosekana kwetu. TFC ngapi, zile kazi za kumalizia masomo ya chuo, zimetetewa vizuri, mwandishi akapongezwa, kisha zikawekwa kwenye rafu?

Na mara nyingine njia hupita kinyume. Watafiti waliolipwa na serikali ya Uingereza waligundua kuwa watu Uganda, Ghana na Botswana walikuwa wakitumiana unite, yaani muda wa maongezi wa simu, kana kwamba ni pesa, bila kufundishwa na mtu. Mfuko wa serikali hiyohiyo ukatoa karibu pauni milioni moja, kampuni ya simu ya Vodafone ikaongeza yake, na Machi 2007 M-Pesa, huduma ya kutumiana pesa kwa simu, ikaanza nchini Kenya. Hapa Kongo iliingia mwaka 2012.

Mpwa wangu alimtazama mama wa kabini, aliyekuwa anahesabu faranga bila kutusikiliza. "Kwa hiyo walianzia kwa watu kama huyu?"

Ndiyo, nikamjibu. Mega zikaingia.