Senti mbili za mjane na aya tunazoziruka

Kama kuna andiko ambalo karibu kila muumini amelisikia wakati wa sadaka, ni Marko 12:41–44. Mhubiri anasoma habari za mjane maskini aliyetia senti mbili, anamsifu, kisha anawageukia washarika: "Na wewe je, umebakiza nini mfukoni?" Kwaya inaanza, watu wanapanga mstari kwenda mbele. Mimi nafundisha Agano Jipya kwa wainjilisti na wanafunzi wa uchungaji. Kila tunapofika sura hii, kabla ya kuchambua chochote, nawaomba waanze kusoma aya ya 38.

Hapo Yesu anawaonya watu wajihadhari na waandishi, yaani walimu wa sheria, wanaopenda kutembea wamevaa mavazi marefu, kusalimiwa masokoni, kupewa viti vya mbele katika masinagogi na kwenye karamu. Halafu linakuja shtaka lenyewe: hao "hula nyumba za wajane", na kwa unafiki husali sala ndefu. Baada ya maneno hayo anaketi kulielekea sanduku la hazina. Matajiri wanapita, wanatia fedha nyingi. Kisha anatokea mtu wa kundi lile lile lililotajwa sasa hivi, mjane, naye anatia riziki yake yote. Wakitoka hekaluni, mwanafunzi mmoja anastaajabia mawe na majengo. Yesu anamjibu kwamba halitasalia jiwe juu ya jiwe.

Nyumba za wajane zinaliwa, mjane anabaki mikono mitupu, jengo linatabiriwa kuanguka. Marko ameyapanga matatu hayo kwa kufuatana, na sisi tunakata kipande cha katikati tukakiweka kwenye bahasha ya sadaka.

Kwa Luka hali ni mbaya zaidi, na si kosa lake. Sura ya 20 inaishia kwenye nyumba za wajane kuliwa, na ya 21 inaanza na mjane akitoa. Mgawanyo wa sura tunaoutumia ni wa mwanzoni mwa karne ya 13, na kwa kawaida huhesabiwa kuwa kazi ya Stephen Langton. Namba za aya za Agano Jipya ziliwekwa na Robert Estienne mwaka 1551. Msomaji wa kwanza wa Luka hakuwa na ukuta huo. Alitoka kwa wanaokula nyumba akakutana na mjane pasipo hata kuvuta pumzi.

Tuitazame pesa yenyewe. Marko anasema zilikuwa lepta mbili, sawa na kodrante moja ya Kirumi. Kodrante 64 zilifanya dinari moja, na dinari moja ndiyo ujira wa kibarua wa siku nzima katika mfano wa shamba la mizabibu, Mathayo 20. Chukua kibarua anayelipwa shilingi 640 kwa siku: mama huyu alitoa shilingi kumi, tena zikiwa sarafu mbili za tano tano. Hata mkate wa maana usingepatikana kwa fedha hiyo.

Alizitia wapi? Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi uliokamilishwa karibu mwaka 200, inaeleza kwamba hekaluni palikuwa na masanduku 13 yenye midomo kama tarumbeta, kila moja likiwa na maandishi yake. Moja lilikuwa la nusu shekeli ya mwaka huo, jingine la nusu shekeli ya mwaka uliopita. Mengine yalikuwa ya ndege wa sadaka, ya kuni, ya ubani, ya dhahabu ya mahali patakatifu, na sita yalikuwa ya sadaka za hiari. Mfumo ulikuwa na mpangilio mzuri. Nalisema hili kwa sababu wahubiri wengi huchora hekalu kana kwamba lilikuwa genge la wezi kuanzia langoni. Halikuwa hivyo. Watu wengi waliofika pale walitoa kwa moyo safi, naye mjane ni mmoja wao.

Ila Torati ilikuwa imeshasema fedha ya Mungu ielekee wapi. Kumbukumbu la Torati 14:28–29 inaagiza kwamba kila mwaka wa tatu zaka yote ya mazao iwekwe malangoni mwa miji, ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane waje wale washibe. Sura ya 26 inarudia agizo hilo na kumtaka mtoaji atamke mbele za Mungu kwamba amewapa hao wanne haki yao. Kutoka 22 inaonya kwamba mjane akionewa akamlilia Mungu, Mungu atasikia, na hasira yake itawaka. Katika Biblia ninayoisoma mjane yumo kwenye orodha ya wapokeaji. Ukimkuta anatoa senti zake za mwisho na hakuna anayemuuliza atakula nini jioni, swali la kwanza ni kwa wanaopokea.

Siku moja kabla ya haya, Yesu alikuwa amepindua meza za wabadili fedha na viti vya wauza njiwa. Njiwa nao si kitu kidogo. Walawi 12 inamruhusu mama aliyejifungua, asiye na uwezo wa kupata mwana-kondoo, alete ndege wawili, na Luka 2:24 inatuambia kwamba hiyo ndiyo sadaka waliyoitoa Mariamu na Yusufu. Mtoto ambaye mama yake alitakaswa kwa sadaka ya maskini alikuja kuvipindua viti vya waliokuwa wakiwauzia maskini sadaka hiyo. Maneno aliyoyasema pale, "pango la wanyang'anyi", ni ya Yeremia 7. Ukiisoma sura hiyo utaona nabii anawaambia watu waache kumwonea mgeni, yatima na mjane ndipo waje kutamba na hekalu lao.

Na kwa uadilifu lazima niongeze habari ya Rabi Shimon ben Gamliel, iliyomo pia katika Mishna. Bei ya jozi ya njiwa ilipopanda Yerusalemu hadi dinari ya dhahabu, aliapa kwamba hatalala usiku ule bei isiposhuka. Akaingia akafundisha kwamba mwanamke anayedaiwa sadaka tano za uzazi alete moja tu, wala zilizobaki si deni juu yake. Siku ile ile bei ikaanguka hadi robo mbili za dinari ya fedha. Huyo ni mwalimu wa Kiyahudi, wa kundi ambalo mimbari zetu hulitaja kama jina jingine la unafiki, akitumia elimu yake ya sheria kumpunguzia mama maskini mzigo. Na katika Marko 12 hiyo hiyo, aya chache kabla ya onyo, kuna mwandishi anayekiri kwamba kumpenda Mungu na jirani kunapita sadaka zote za kuteketezwa, naye Yesu anamwambia, "Wewe hu mbali na ufalme wa Mungu." Ugomvi wa Yesu haukuwa na taifa wala na kazi ya uandishi. Aligombana na dini inayojificha nyuma ya sala ndefu huku ikila.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Korbani, Marko 7:9–13. Mtu anaweka nadhiri kwamba mali ambayo ingewasaidia wazazi wake ni wakfu kwa Mungu. Baba akiumwa, mama akikosa chakula, jibu linakuwa: siwezi, ni ya Mungu. Nadhiri zilikuwa jambo zito, kwa kuwa Hesabu 30 inasema mtu asitangue neno lake, kwa hiyo utetezi huo ulikuwa na andiko nyuma yake. Matumizi ya neno lenyewe tunayaona nje ya Biblia pia. Karibu na Yerusalemu lilipatikana sanduku la kuhifadhia mifupa ya marehemu lenye maandishi ya Kiaramu, yanayosema kwamba chochote ambacho mtu atakiona cha faida ndani yake ni korbani kwa Mungu kutoka kwa aliyemo. Pale tangazo la wakfu linakilinda kitu kisiguswe na mtu. Yule mwana katika Marko 7 alilitumia tangazo kama hilo dhidi ya mama yake mzazi. Amri ya kuwaheshimu baba na mama ikazimwa kwa kutumia jina la Mungu, na hapo sadaka yenyewe ikageuka kuwa dhambi.

Je, Yesu alimsifu mjane au alimlilia? Mwaka 1982 mtaalamu wa Agano Jipya, Addison Wright, aliandika makala akidai kwamba maneno ya Yesu ni maombolezo: alikuwa akieleza kwa uchungu kile ambacho mafundisho ya viongozi yamemfanyia mwanamke huyu. Hoja yake ina nguvu. Yesu hasemi popote "enendeni mkafanye vivyo hivyo", kama anavyosema mwishoni mwa habari ya Msamaria mwema. Haahidi kwamba mama atarudishiwa mara mia. Anachosema ni kwamba ametoa zaidi ya wote, na kwamba ametoa riziki yake yote pia.

Hata hivyo siendi na Wright mpaka mwisho. Kuna heshima katika jicho la Yesu. Anawaita wanafunzi kwa makusudi wamtazame mtu ambaye hakuna aliyemwona, na anaipima sadaka kwa kile kilichobaki mkononi mwa mtoaji, kipimo ambacho mhasibu yeyote angekikataa. Siku chache baadaye naye atatoa uhai wake wote mikononi mwa viongozi wa hekalu hilo hilo. Kwa hiyo naamini mambo yote mawili: sadaka ya mama ni takatifu, na mfumo ulioipokea bila kumuuliza chochote umehukumiwa. Anayehubiri la kwanza na kuliacha la pili anajiweka, pengine bila kujua, upande wa wenye mavazi marefu.

Wanafunzi hunijibu kwa mjane wa Sarepta, 1 Wafalme 17: mbona Eliya aliomba mkate wa kwanza kutoka kwa mama aliyebakiwa na konzi ya unga? Aliomba, kweli. Lakini someni aya zinazofuata. Nabii alibaki katika nyumba ile, akala chungu kimoja na mama na mwanawe siku nyingi, unga haukuisha, na mtoto alipokufa ni Eliya aliyembeba hadi chumba cha juu na kumlilia Mungu. Hakupokea akaondoka. Katika 2 Wafalme 4 Elisha anakutana na mjane ambaye mdai amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Mafuta yanapojaa vyombo, agizo la nabii ni fupi: uza mafuta, ulipe deni, kinachosalia kiwe chakula chako na cha wanao. Hakuna fungu la nabii katika hesabu hiyo. Bado sijasikia andiko hilo likisomwa wakati wa kupitisha kapu, nami nalitamani sana.

Nikirudi kwetu, kuna desturi mbili zinazoniuma. Ya kwanza ni kusoma majina na viwango vya ahadi mbele ya ibada, kuanzia mwenye laki kumi hadi mwenye elfu mbili. Mathayo 6 inakataza kupiga panda mbele yako utoapo sadaka, na spika za kanisa zinafanya kazi hiyo hiyo. Mama wa elfu mbili anasikia jina lake likitajwa la mwisho, anainamisha kichwa, na Jumapili inayofuata haji. Ya pili ni nzito zaidi. Ninajua usharika, sitautaja, ambapo mwanamke aliyefiwa na mume aliambiwa kwanza alipe madeni ya ahadi za marehemu ndipo mchungaji aje kuzika. Wazee walifungua daftari wakamwonyesha mistari iliyo wazi, msiba ukiwa bado uwanjani. Shemeji zake walichanga, mwili ukazikwa. Sijui namna nyingine ya kuieleza habari hiyo isipokuwa kwa Marko 12:40.

Kanisa la kwanza nalo halikuwa safi, na nashukuru kwamba Luka hakulificha hilo. Matendo 5 ina Anania na Safira, waliouza kiwanja wakazuia sehemu ya thamani yake. Petro anasema wazi kwamba mali ilikuwa yao na hata baada ya kuuzwa ilikuwa katika uwezo wao. Kosa lao lilikuwa kusema uongo ili waonekane kama Barnaba, aliyeuza shamba lake akaleta fedha yote. Wahubiri huishia hapo. Fungua ukurasa: Matendo 6 inaanza na manung'uniko kwamba wajane wa Wayahudi wa Kiyunani wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwaambia wanawake wale watoe zaidi ili wabarikiwe. Waliita mkutano, watu saba wakachaguliwa, na majina ya wote saba ni ya Kiyunani. Yaonekana kazi ilipewa watu wa upande uliolalamika. Baadaye 1 Timotheo 5 inazungumzia orodha ya wajane wa kanisa, wenye umri usiopungua miaka 60.

Paulo alipochangisha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, Wamakedonia walitoa katika umaskini mkubwa kupita uwezo wao, naye aliwasifu bila kusita. Fedha yao iliwafikia maskini wenzao. Na Paulo alikataa kuishika peke yake. Aliwaambia Wakorintho wachague watu wao wa kuipeleka, na katika 2 Wakorintho 8:20–21 anaeleza sababu: hakutaka mtu yeyote amlaumu kwa habari ya mchango huo, akiangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Kwa hiyo mwanafunzi akiniuliza aandae nini kwa Jumapili ya mavuno, namwambia aende kwanza kwa mweka hazina, achukue taarifa ya matumizi ya robo mwaka iliyopita, aisome yote kabla ya mnada kuanza, pamoja na mstari wa fedha zilizotolewa kwa wajane. Kama mstari huo haupo, aseme kwamba haupo.