Shaba haiozi

Wiki iliyopita mama mmoja wa Penga Penga, mtaa wa hapa Lubumbashi, Katanga, alinisimamisha kando ya kiwanja chetu cha majaribio, tunapootesha nyasi kwa chokaa na mbolea ya tope la choo, ameshika kimfuko cha mbegu. Mwezi wa nane pale palikuwa pekundu, pagumu kama sakafu. Baada ya mvua za mwaka huu nyasi zinafika gotini. Akaniambia, "Papa Agronomu, udongo umekwisha kupona. Nipatie mistari mitatu tu nipande mboga ya lengalenga."

Nilimkatalia. Alikasirika, na ana haki, kwa maana wazo hilo hakulitoa kichwani mwake. Alilipata kwenye mkutano, kwa mtu aliyesimama mbele ya watu akasema kwamba mbolea ya tope la choo "inakula sumu", yaani shaba iliyomo udongoni. Neno hilo nimelisikia redioni, nimelisikia kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, na mwezi huu nimelisoma kwenye pendekezo la mradi. Nimechoka kulijibu kwa mdomo, mmoja mmoja, ndiyo maana naandika.

Shaba ni elementi. Haiozi, haiungui. Bakteria anaweza kula oili iliyomwagika gereji akaigeuza maji na hewa, kwa sababu oili ina vipande vya kuvunjwa. Shaba haina. Tanuru la hapa lilianza kuyeyusha mwaka 1911, na kwa miaka mingi moshi wa mumbunda, dohani lake, ulibebwa na upepo wa kusini-mashariki ukaangusha vumbi lake upande huu. Sehemu kubwa ya vumbi hilo bado iko pale lilipoangukia, kwenye sentimita chache za juu, pamoja na kobalti, zinki, risasi, kadimi na aseniki.

Tufanye hesabu. Hekta moja, kina cha sentimita 20, ni udongo wa tani kama 2,600. Tuseme kila kilo ina miligramu 5,000 za shaba. Hizo ni tani 13 za shaba kwenye hekta moja. Sasa unaleta mbolea, tani 100 kwa hekta, yaani kilo 10 kwa kila mita ya mraba, unaichanganya vizuri na udongo. Ukipima tena unapata 4,800 na kidogo, halafu mtu anaandika kwenye ripoti kwamba shaba imepungua. Haijapungua hata gramu moja. Umeongeza uji kwenye chungu, chumvi ni ileile.

Wengine wanakimbilia mimea. Wanasema tupande ua la shaba, linyonye, tukate, tumalize. Haya, chukua mmea mkarimu kabisa, wenye miligramu 300 za shaba kwa kila kilo ya majani makavu, na utoe tani 5 za majani hayo kila mwaka, mavuno ambayo kwenye ardhi ya namna hii sijayaona. Ukibeba kila jani, umeondoa kilo moja na nusu kwa mwaka. Kwa tani 13 unahitaji zaidi ya miaka 8,600. Takwimu za zamani zilizoipa mimea ya Katanga sifa ya kujaza shaba majanini zilishuka sana watafiti walipoanza kuosha majani kwa uangalifu kabla ya kuyapima. Shaba nyingi waliyoipima ilikuwa ni vumbi lililokaa juu ya jani.

Basi tope linafanya nini? Linafunga. Hapa naomba msomaji atulie, maana hapa ndipo watu wote wanapoteleza.

Kwenye udongo kuna shaba iliyofungwa na kuna shaba huru. Iliyofungwa imeshikwa na mboji, udongo wa mfinyanzi, kutu ya chuma, au imejifunga na chokaa. Huru imo ndani ya maji yaliyo katikati ya chembe za udongo, na mzizi unakunywa maji hayo. Sumu kwa mmea ni hii ya pili, na mara nyingi ni sehemu ndogo sana ya ile jumla. Udongo wenye miligramu 5,000 unaweza kuotesha nyasi, na wenye 800 ukaua mche wa mahindi kwa wiki mbili, ikiwa wa kwanza una mboji na wa pili una asidi na mchanga mtupu. Mtu akiniletea karatasi ya maabara yenye jumla peke yake, bila pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi), bila kiasi cha mboji, sina cha kumwambia.

Asidi ndiyo mlango. Udongo wa hapa Lubumbashi kwa asili una pH karibu na 5, na pale moshi ulipoanguka unaweza kushuka zaidi. Kadiri pH inavyoshuka ndivyo shaba inavyoachiliwa. Kwa hiyo chokaa kwanza, mbolea baadaye. Watu wanapenda mbolea kwa sababu ni nyeusi na inaonekana. Chokaa inaonekana kama unga uliopotea. Sudbury kule Kanada, ambako moshi wa nikeli na shaba ulikuwa umekausha vilima, walianza kurudisha kijani mwaka 1978 kwa kumwaga chokaa kwa mkono, mfuko kwa mfuko.

Kitu ambacho vijitabu vya miradi vinakiruka ni hiki: mboji inafunga shaba, na mboji hiyohiyo inaweza kuifungua. Mboji ina sehemu nzito, inayokaa mahali pake, na sehemu nyepesi inayoyeyuka kwenye maji. Sehemu nzito ikishika shaba, shaba inatulia. Sehemu nyepesi ikiishika, inaibeba na kushuka nayo hadi maji yanakokwenda. Tope bichi limejaa hiyo nyepesi. Ukizidisha chokaa, pH ikapita 7, unaiongeza tena, maana mboji inayeyuka zaidi kadiri asidi inavyotoweka.

Nimeliona kwa macho. Kwenye kiwanja kimoja nilichokuwa nikikisimamia, lori lilileta tope ambalo halijaiva, na wafanyakazi, kwa nia njema, wakamwaga chokaa mara mbili ya kipimo ili kuua harufu. Mvua ya kwanza ilipopita, maji kwenye mfereji yalikuwa na rangi ya chai kavu. Tulichota chupa tatu. Shaba kwenye maji yale ilikuwa nyingi kuliko kwenye mfereji wa kipande ambacho hatukukigusa kabisa. Juu, nyasi zilikuwa nzuri. Mgeni aliyekuja siku ile alipiga picha nyasi.

Kwa hiyo tope lazima liive. Tunalichanganya na maranda ya mbao na majani makavu, tunalipanga kama tuta refu, tunaligeuza. Kanuni za Marekani za mwaka 1993 zinataka tuta la kugeuzwa lifike nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, na ligeuzwe mara 5 katika siku hizo. Hilo ni kwa ajili ya vijidudu, na hasa mayai ya minyoo ya tumbo, ambayo ni magumu kufa kuliko unavyodhani. Kipimo changu cha mkono ni nondo. Naichomeka hadi moyoni mwa tuta, nasubiri dakika tano, naichomoa na kuishika. Ikiwa naweza kuendelea kuishika, tuta halijafika. Likifika, nondo inatoka na mvuke, imeshikwa na utando mweupe wa ukungu, na inanuka msitu baada ya mvua. Harufu ya choo ikiwa bado ipo, mbolea hairuhusiwi kutoka pale. Pia tunachekecha, maana ndani ya tope la mashimo ya nyumba zetu kuna kila kitu, nyembe, vifuniko, vifuko vya maji.

Kuna tope la pili ambalo watu hawalijui, linalobaki pale maji ya mto yanaposafishwa kwa alumini ili yanywewe. Halina harufu, linafanana na jeli ya kijivu. Linashika metali vizuri sana, lakini linashika fosforasi pia, na mmea unabaki na njaa. Ukilitumia peke yake umefunga sumu na chakula kwa kamba moja. Likichanganywa na mboji iliyoiva linafaa. Na kama udongo una aseniki nyingi, uwe mwangalifu na kila kitu nilichosema juu, kwa sababu aseniki inafuata njia ya kinyume: chokaa nyingi na fosforasi nyingi vinaweza kuiachilia wakati shaba inafungwa.

Kuhusu miti. Njia ya kawaida ni kuchimba shimo, kulijaza udongo uliochanganywa na mboji, na kupanda mche. Mwaka wa kwanza unapendeza. Nimewahi kung'oa mti uliodumaa baada ya misimu mitatu, na mizizi yake ilikuwa na umbo la ndoo. Ilikuwa imeshuka hadi ukuta wa shimo, ikagusa udongo wa nje, ikageuka, ikazunguka mle ndani hadi ikajisonga. Ile michache iliyojaribu kutoka ilikuwa mifupi, minene, ya kahawia, bila vinywele hata kimoja. Ndiyo maana nyasi naziamini zaidi. Tunazo nyasi zilizozaliwa kwenye vilima vya shaba vya Katanga, na Microchloa altera ni mojawapo: fupi, ngumu, inagawanywa kwa vitawi na kupandwa kwa mkono. Mwaka 2010 wenzetu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walichapisha majaribio yao ya nyasi tatu za asili pamoja na chokaa na mboji. Anayetaka kuanza mradi hapa aanzie hapo kabla ya kuagiza mbegu za ng'ambo.

Huko Palmerton, Pennsylvania, kiwanda cha zinki kilikuwa kimekausha ubavu wa mlima, na miaka ya 1990 waliufunika kijani kwa mchanganyiko wa tope la mitambo ya majitaka, majivu na chokaa. Zinki bado imo mlimani humo. Hakuna aliyekwenda kulima mboga pale.

Nina mashaka yangu, na sitaki kuyaficha. Mboji inaoza. Kila mwaka, kwa joto na mvua zetu, sehemu yake inageuka hewa, na vidole vilivyoshika shaba vinapungua. Wanasayansi wamebishana tangu miaka ya 1990: wengine wanasema metali zitaachiliwa tena, wengine wanasema kutu ya chuma na alumini iliyomo kwenye tope itaendelea kushika. Viwanja vyangu bado ni vichanga mno kuniamulia. Napima kila mwisho wa mvua, na chokaa naiongeza pH ikikaribia 5.5. Hata kupima shaba huru kwenyewe kunanisumbua: ukitumia dawa tatu tofauti za maabara unapata majibu matatu, na mmea una jibu lake la nne.

Narudi kwa yule mama, kwa sababu baada ya hasira aliniuliza swali lililo bora kuliko la mikutano yote. "Kama haiponi, nyasi ni za nini?"

Ni za vumbi. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa hapa hakuna mvua, na ardhi tupu inaingia nyumbani, kwenye bukari, ugali wetu, kwenye vidole vya mtoto anayetambaa. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Kobalti ilikuwa juu mno, na kwa watoto ilikuwa juu kuliko kwa watu wazima. Nyasi zinazoshika ardhi miezi hiyo mitano ndiyo kazi ya tope letu.

Lengalenga yake tutaipanda kwingine. Jumamosi tunamjengea matuta mawili ya matofali uani kwake, na turubai chini ili mizizi isishuke. Udongo utatoka kwenye kichuguu kikubwa cha mchwa nje ya mji, upande ambao moshi haukufika. Udongo wa vichuguu vyetu una chokaa na mfinyanzi kuliko wa pembeni yake. Nimeshachukua kopo moja kulipeleka maabara kwanza. Nimemwomba kila anapochuma aoshe majani kwa maji matatu, na sufuria ya kuoshea asiiweke chini.