Malagueña si wimbo wa Hispania

Kwa kuwa neno "Malagueña" lina maana ya mwanamke wa mji wa Málaga, wengi huamini kwamba wimbo "La Malagueña" umetoka Hispania, tena ni flamenko, muziki wa jadi wa kusini mwa nchi hiyo. Sivyo. Ni huapango, muziki wa eneo la Huasteca, mashariki mwa Meksiko. Ulisajiliwa kwa majina ya Elpidio Ramírez na Pedro Galindo, ingawa kuna wanaouona kuwa wa kale zaidi.

Dalili ziko masikioni. Zile sauti zinazoruka ghafla hadi juu kabisa na kung'ang'ania huko ni alama ya huapango. Asili yake huchezwa na fidla na magitaa mawili, dogo na kubwa.

Mkanganyiko una sababu. Flamenko nayo ina mtindo uitwao malagueña, na kuna "Malagueña" nyingine maarufu, ya kinanda. Hiyo nayo, kwa kichekesho, ilitungwa na Mkuba, Ernesto Lecuona.

Maneno ya "La Malagueña" ni ya mtu asiyependwa. Anasifu macho ya mwanamke, kisha anakiri: kama unanidharau kwa ufukara wangu, una haki, sina mali, nina moyo tu. Aliyekulia na "Malaika" hahitaji mkalimani hapo, ila yule wa "Malaika" hulaumu ukosefu wa pesa, na huyu anampa mwanamke haki ya kumkataa. Binafsi naona huyu ndiye anayeumiza zaidi.